Sikio la Butiama, Malisho ya Kibara

Ipo siku moja, mwanangu, nikifumba macho naiona yote. Naikumbuka zaidi kwa harufu, harufu ya ngozi mbichi za ng'ombe. Mzee Magesa alifika kwetu Butiama akitokea Kibara, ngozi amezifunga nyuma ya baiskeli, nzi wanamsindikiza. Akazishusha mbele ya baba, akazitandaza moja moja, na kila moja akaigeuza ili sikio lionekane. Hakusalimia. Kwetu mtu mzima akifika asisalimie, hata kuku wanajua kuna jambo.

"Uliniambia nisiwasogeze," akasema. "Sikuwasogeza."

Sasa muache mzee huyo hapo na ngozi zake, nitamrudia. Nimemkumbuka kwa sababu ya Veronika.

Veronika ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mimi shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alinichoka na mimi nikamchoka, lakini yeye alisomea kompyuta mpaka kampuni moja ya maziwa pale Musoma ikamfanya mkubwa wa mambo hayo yote. Kampuni ina vituo vya kukusanyia maziwa: hapa Butiama, Nyasura pale Bunda, na Kibara. Dumu lako likipimwa, linaingizwa kwenye mashine, na Musoma wanaliona hapo hapo. Mimi napelekaga maziwa yangu mwenyewe. Jina langu likitokea kwenye kioo, nafurahi kama nimeshinda udiwani.

Jumamosi moja Veronika akaja nyumbani, akawekewa ugali na sato, akawa anautazama tu. Nikajua ni mgonjwa au ana neno.

"Baba mkubwa," akasema, "Jumatatu natakiwa nipeleke jibu kwa meneja. Kuna mtu anaweza kufukuzwa kazi, na jibu ni langu."

"Nani tena?"

"Masatu. Msimamizi wetu wa Kibara. Ana watoto wanasoma, na mama yake anamtegemea."

Akanieleza taratibu, maana mimi kwenye kompyuta ni mtu wa kushikwa mkono. Mwanzoni kila kituo kilijiendeshea mambo yake chenyewe. Masatu, mtu wa watu, akawaruhusu vijana wachomeke flashi zao kwenye kompyuta ya kazi ili wahamishe nyimbo. Kirusi kikaingia. Kikapita kwenye mtandao mpaka Musoma, kikala kumbukumbu za wafugaji wa vituo vyote, hata sisi wa Butiama ambao hatukucheza hizo nyimbo. Veronika akaogopa, akafunga kila kitu. Kuanzia hapo, kubadilisha saa ya kufungua kituo, kumsajili mfugaji mpya, hata mashine ikigoma kidogo tu, lazima Musoma wafungue. Na maziwa yasiyoingia kwenye mashine yasiingie kwenye tangi la kupozea.

Basi Jumapili moja mashine ya Kibara ikagoma. Veronika yuko kanisani, simu ameizima. Madumu yakakaa juani mpaka maziwa yakaganda, na akina mama wakayamwaga wanatazamana. Mashine ilipogoma tena, Masatu hakungoja. Akayapokea maziwa yote akiyaandika kwenye simu yake, kwa programu aliyopewa na shemeji yake. Maziwa yakapona. Lakini Musoma walipogundua kwamba majina ya wafugaji yanatembea kwenye simu ya mtu, meneja akawaka. Akasema huyu si ndiye yule yule wa kirusi?

"Amevunja amri yangu," Veronika akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Na amri yangu ndiyo iliyomwaga maziwa."

Mimi na haraka yangu nikamwambia, "Si uwaachie tu, kila kituo na chake?"

Akacheka, kicheko cha kwanza tangu afike. "Baba mkubwa, hizi mashine zinakunywa kisima kimoja. Kibara ikiugua, na jina lako hapa linapotea kwenye kioo."

Ninajibuga kabla sijafikiri, mke wangu ameisema tabia hiyo mpaka amechoka. Ndipo nilipoisikia tena ile harufu ya ngozi, nikamwambia acha ugali upoe, nikusimulie.

Zamani zetu, mwanangu, mtu mwenye akili hakuwekaga ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukipita, au wezi, unalala na mifugo unaamka huna. Kwa hiyo unampa rafiki wa mbali wengine akutunzie. Baba aliwaweka kwa Magesa, kule Kibara karibu na ziwa. Anayetunza anakamua, maziwa ni ya watoto wake. Lakini kuuza hawezi, kuchinja hawezi, na ndama akizaliwa anakatwa sikio kwa alama ya mwenyewe. Ng'ombe akifa, ngozi inaletwa na sikio lake, ili mwenyewe aone kwa macho kwamba kweli amekufa, hakuliwa kwenye harusi.

Magesa alikuwa mtu mchangamfu, wa kila mtu rafiki yake. Sasa kuna jirani yake alimwomba wachunge pamoja, akakubali bila kutuma hata salamu Butiama. Ng'ombe wa jirani walikuwa na homa ya mapafu. Wa baba wakaambukizwa, na wengine walikufa. Baba alipopata habari, alichachamaa. Akatuma neno kwamba kuanzia leo ng'ombe wake wasihamishwe, wasichanganywe, wasipewe hata dawa, mpaka yeye aseme.

Mimi ndiye niliyetumwa kulipeleka neno hilo. Magesa alinisikiliza, akaninywesha uji, akaniambia, "Mwambie baba yako nimesikia." Hakuongeza kitu. Hata lawama.

Halafu mvua zikaja, mvua zile za kulichokoza ziwa. Maji yakapanda kwenye malisho, nyasi zikaoza, ng'ombe wanasimama kwenye tope. Magesa akatuma mtu Butiama kuomba ruhusa awapandishe mlimani. Baba alikuwa amesafiri kwenda msibani ukweni, na ukweni kwake msiba haukuwaga na haraka. Alipokaa kitako kusikiliza ule ujumbe, Magesa alikuwa tayari anafunga ngozi kwenye baiskeli.

Hapo ndipo tulipomwacha. Ngozi zimetandazwa, na Magesa amesema lake. Baba akazitazama, akainama kushika sikio moja. Lilikuwa la ng'ombe wa uzao ule uliolipia mahari ya mama.

Aliyesema ni bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mtama, na ungo haukusimama.

"Wewe," akamwambia baba, "unachungaje Kibara umekaa Butiama? Lile tope ulikuwa unaliona kutoka hapa?" Kisha akamgeukia mgeni. "Na wewe Magesa usininyooshee shingo kama mwenye haki. Ulichanganya ng'ombe wa mwenzio na wagonjwa bila kumwambia. Huu woga alionao, wewe ndiye uliyempa."

"Mama," Magesa akajibu, "mimi nimekuja na ngozi tu. Shingo niliiacha Kibara."

Bibi akacheka hadi mtama ukamwagika. Baba naye akacheka, machozi yanamtoka, na sijui hata leo yalikuwa ya kicheko au ya ng'ombe. Akamletea Magesa kigoda. Salamu wakapeana hapo, za kuchelewa.

Walizungumza mpaka ngozi zikaanza kukauka. Wakakubaliana kwamba sikio ni la Butiama: alama ni moja, hakuna kuuza, hakuna kuchanganya na zizi la mtu bila baba kujua, maana ugonjwa wa huko utafika na huku. Lakini malisho ni ya Kibara: wapi wale, lini wahame, dawa gani wapewe, ni jicho la Magesa. Na maji yakipanda ahamishe kwanza, kisha atume mtu kusema. Asikae na jambo. Kukaa na jambo ndiko kulikoleta yote.

Veronika alinisikiliza hadi mwisho. Ugali ukawa jiwe, na akaula hivyo hivyo. Hakuniambia ataamua nini, na mimi sikuuliza.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Kabla ya kwenda kwa meneja alipanda gari mpaka Kibara. Masatu alipomwona akasema, "Karibu dada. Nilijua utakuja na barua, nimeshamuaga hata paka wa kituo." Veronika akamwambia leta maji ya kunywa, hakuna barua. Akakaa juu ya kreti, akaangalia mashine ikigoma kwa macho yake mwenyewe. Masatu akafuta mbele yake kila jina lililokuwa kwenye simu, akasema, "Zile flashi, dada, lile ni langu. Sina utetezi."

Wakagawana kama wale wazee. Kinga ya virusi, maneno ya siri, kumbukumbu za wafugaji, na marufuku ya kuchomeka vitu vya nje vikabaki Musoma, na hapo hakuna kuombana. Saa za kufungua na kusajili wafugaji wapya vikawa vya kituo. Mashine ikigoma au mtandao ukikatika, kituo kipokee maziwa kwa kompyuta ya akiba ambayo Musoma wenyewe wameiandaa, kisha kitoe taarifa siku hiyo hiyo. Jumatatu Veronika akamwambia meneja kwamba kosa moja ni la Masatu na moja ni lake yeye, na kama ni kufukuza, wafukuzwe wawili. Meneja alinuna wiki nzima. Hakufukuza mtu.

Juzi Veronika alikuwa hapa tena, tunakula, simu ikalia. Nikasikia sauti ya Masatu, maana Wajita kama yeye wakiongea kwenye simu hawahitajigi simu. "Dada, mtandao umekatika tangu asubuhi. Maziwa nimeshapokea, yako kwenye tangi. Nilikuwa nakujulisha tu."

"Asante kaka," akasema, akaiweka simu chini, akamega tonge. Kwenye uso wake nikauona uso wa baba wa siku ile alipomletea Magesa kigoda.

Basi mwanangu, ukipewa kuongoza walio mbali na wewe, shika kwa mkono wako lile ambalo likiharibika kwa mmoja linaharibika kwa wote, na hapo usione haya kuwa mkali. Yale yanayotaka mtu aliyesimama penye tope, muachie aliyesimama huko. Mkubaliane mapema, mkiwa hamjakasirikiana. Akivunja amri yako, nenda kwanza ukaangalie amri ilimfanyia nini. Na ukiwa wewe ndiye wa mbali, sema. Usimwachie mwenzio kukisia, maana kukisia ndiko kunakomfanya afunge milango.

Mungu akupe zizi lenye alama yako na malisho yasiyokauka. Watu wako wa mbali wawe wanakupigia simu na habari zao. Usije ukaletewa ngozi.