Upande Mkavu wa Boti

Enyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako na msiniharakishe. Mnasema utoto ni mmoja tu, ukipita umepita. Mimi nimekuwa mtoto mara mbili. Utoto wa kwanza niliupata shamba, ndani ya Unguja, huko ambako bahari tuliijua kwa harufu ya kikapu cha mchuuzi wa samaki. Wa pili ulinikuta Dubai, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, meno yamebaki machache, nikaishi msimu mzima wa joto ndani ya boti iliyofungwa kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoukata mji katikati. Nao ulianza kwa harufu: mafuta ya papa yaliyonywewa na mbao miaka na miaka, dizeli ya zamani, kamba mbichi, na juu ya yote iliki ya chai. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya papa miguu yangu inatafuta sakafu inayoyumba.

Nilikwenda kwa sababu ya uzazi. Mwanangu Khamis alikuwa mlinzi wa boti hiyo, na mkewe, Zuwena, alikuwa mjamzito wa miezi sita, hana mama wa kumkanda. Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, pana, ilipata kubeba mizigo zamani. Sasa injini imetolewa, imefungwa gatini upande wa juu wa hori, karibu na daraja la Garhoud, na ndani imekatwa vyumba vitatu. Mwenyewe, arbab, yaani tajiri wake Khamis, hakutaka kuiuza kwa sababu ilikuwa ya baba yake. Alimpa Khamis kazi ya kuitunza na ruhusa ya kukaa humo na familia, kwa sharti moja tu. Siku maji yatakapopanda juu ya ubao wa ngama, Khamis atafute kazi nyingine na nyumba nyingine. Ngama ni lile tumbo la chini kabisa la chombo, ambamo maji hukusanyika. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nami methali hiyo niliijua tangu mdogo, lakini ngama yenyewe nilikuwa sijapata kuiona.

Nilipofika tu nikawa mtoto. Mguu wa kwanza ndani, mjukuu wangu Salha, mwenye miaka tisa, akaniambia, "Bibi, viatu." Mchanga wa kiatu hula sitaha. Mguu wa pili, "Bibi, mkono mmoja ushike kitu." Sikujua kushuka ngazi, kumbe hushukwa kinyumenyume, uso kwenye ngazi. Sikujua choo kinavutwaje. Nilipewa kitanda katika chumba cha Salha, upande wa nje unaotazama maji, nikawa nalala mapema kama yeye na kuamshwa kama yeye. Zuwena alikuwa akimkatia Salha tunda, ananikatia na mimi, na sikukataa.

Salha alinifundisha. Nawaambieni na ninyi, maana huenda mmoja wenu atakaa chomboni. Kabla ya chai, funua ubao wa ngama utazame. Ukikuta maji, chovya kidole ulambe, usione kinyaa: yakiwa ya chumvi yatoka nje, tafuta ufa, yakiwa matamu yatoka kwenu wenyewe, kwenye bomba au kwenye kiyoyozi, tafuta mzembe. Mtungi wa gesi hukaa juu kwenye hewa, kamwe usiutie chini, kwani gesi hushuka na kulala ngamani ikingoja kiberiti. Kamba za gatini usizikaze kama unafunga mbuzi. Maji hupwa na kujaa, na chombo kilichokazwa hujiumiza chenyewe. Pale kamba inaposuguana, zungushia mpira wa zamani. Mapipa ya maji yapange sawa, kulia na kushoto, na ukiona chai imelala upande mmoja wa kikombe, usiwalaumu majini, kahamishe mchele.

Siku zile nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya mchana. Nje kulikuwa na joto la kukausha mate, mji mzima umejifungia. Sisi tulikuwa chini, na mwanga wa maji uliingia kwa kidirisha ukacheza darini, unatambaa, unakatika, unajiunga tena. Mimi na Salha tukilala chali kuutazama. Ndege zilipita juu zikielekea uwanjani, nzito na karibu, hata nikadhani nikinyoosha mkono nitagusa matumbo yao. Adhana ilitoka ng'ambo zote mbili za hori, moja mbele kidogo ya nyingine, ikakutana juu yetu. Boti ilikuwa ikituyumbisha polepole sana, kama mtu anayebembeleza mtoto huku mawazo yake yako kwingine. Nilisinzia nikaota niko mgongoni mwa mama yangu, tunatoka kuchuma karafuu, nasikia pumzi yake. Nikiamka sikujua mara moja nina umri gani. Kuna raha katika kutojua, nami nilijiachia. Kosa langu lilizaliwa humo.

Kila alfajiri na kila alasiri Salha alikuwa na kazi moja: kuteka maji ya hori kwa ndoo na kuzimwagia mbavu za boti kwa nje, ubao kwa ubao, kuanzia ukingo hadi palipogusa maji. Khamis alikuwa amemwambia mbele yangu, kwa ukali, kwamba kazi hiyo ndiyo roho ya nyumba. "Ukiiacha, Salha, utarudi Unguja kukaa kwa shangazi yako, ukasome huko. Wallahi." Mtoto alikuwa akiipenda skuli yake na akingojea mdogo wake azaliwe. Alikuwa akimwaga maji kama anayesali.

Mimi nilitazama siku nyingi nikaona ni ujinga. Nyumbani chumvi tunaijua. Upepo wa chumvi ukikaa juu ya bati, bati huwa chandarua. Sasa mtu mwenye akili anazimwagia mbao maji ya chumvi mara mbili kwa siku? Tena upande wetu yalipenya kidogo kwenye kidirisha, yakaingia kwenye godoro langu, mkeka wangu mpya wa ukindu ukaota weupe kama mdomo wa mgonjwa. Siku moja nikamkamata Salha na ndoo yake.

"Upande huu acha. Mwaga kule kwa gatini tu."

"Lakini Bibi, baba amesema pande zote."

"Baba yako nimemzaa mimi. Asiyesikia la mkuu?"

Akainamisha kichwa. "Huvunjika guu."

"Basi. Na usimpelekee maneno, ana kazi zake."

Akatii, alivyolelewa ndivyo. Na Khamis hakugundua, kwa sababu kutoka gatini upande ule hauonekani, na mchana alikuwa akifanya kibarua kingine mtaa wa Rashidiya. Ukapita Julai, na katikati ya Agosti mtoto akazaliwa salama, mwanamume. Jua la alasiri lilikuwa likiupiga upande wetu peke yake. Mkeka wangu ulikuwa mkavu na safi, nami nikajiona nimetengeneza nyumba ya watu. Akili nyingi huondoa maarifa.

Arobaini ya mtoto iliangukia Ijumaa, mwisho wa Septemba, joto bado halijavunjika. Tulifanya asubuhi. Wakaja watu wetu: wafanyakazi wa mahoteli ya Garhoud, madada wa kazi waliopewa ruhusa ya nusu siku na madam zao, wafanyabiashara wa soko la Naif na mifuko yao. Walikuja na vitumbua, mahamri, na sufuria mbili za pilau zilizobebwa na wanaume wanne. Mimi ndiye niliyepanga makao, kama ilivyo desturi. Wanaume nikawaweka upande wa gatini. Wanawake upande wa nje, unaotazama maji, ili wapita njia wasiwaone wakijiachia. Wanaume walikuwa kumi hivi. Wanawake walikuwa zaidi ya thelathini, na sufuria zote, na Bi Rukia wa Mombasa, ambaye peke yake ni watu wawili, mwenyewe akisema hivyo.

Boti ikainama. Bi Rukia akacheka, "Jamani, sijala bado! Ngojeni nile ndipo mnilaumu mimi." Wote wakacheka. Nikashuka chini, kinyumenyume kama nilivyofunzwa, kuchukua chetezo na udi. Niliingia chumbani kwetu na mguu wangu ukakanyaga mkeka, mkeka ukalia chwa.

Nikatazama ukutani. Kati ya ubao na ubao, mahali ambapo siku zote palikuwa juu ya maji, sasa maji yalikuwa yakiingia. Hayakuingia kwa fujo. Yalitiririka kimya, kama mshono wa nguo unaoachia, utepe mwembamba unaong'aa kutoka pembe hadi pembe, na mwanga wa kidirisha ukicheza ndani yake. Ulikuwa mzuri. Nasema kweli, nilisimama nikautazama kama niliyelala macho. Kisha nikafunua ubao wa ngama, na maji yalikuwa yamebakisha vidole viwili kuufikia. Nikachovya, nikalamba. Chumvi.

Nikapanda nikamwita Khamis pembeni. Hakupiga kelele, nilimzaa vizuri. Alishuka mara moja, akapanda, akasema kwa sauti ya mtu anayekaribisha chakula, "Dada zangu, mama zangu, tuhamie gatini. Yalla, taratibu, wawili wawili, msikimbilie upande mmoja."

"Hee, kwani nimekula?" akasema Bi Rukia, lakini alikwisha kuelewa, alikuwa wa kwanza kunyanyua sufuria. Zuwena akashuka na kichanga kifuani. Kila aliyeondoka, boti ilipanda unyoya mmoja, na mwishowe ule utepe ukakatika, kwa sababu mbao zile zilikuwa zimerudi juu ya maji. Wanaume wakavuta maji ngamani kwa pampu na ndoo. Ubao haukufikiwa. Sharti la arbab halikuvunjika, kwa vidole viwili.

Ndipo Khamis alipolala kifudifudi ukingoni akaupapasa upande wa nje. Mkono ulirudi na vumbi. Pamba iliyotiwa katikati ya mbao ilikuwa imelegea, ukichopeka ukucha unaingia. Siku ile ndipo nilipofahamu: ubao wa chombo ukikauka husinyaa, na maji ya chumvi ndiyo yanayouvimbisha ukabanana na mwenzake, wala hayauozeshi. Kinachouozesha ni maji matamu, haya tunayoyaheshimu sisi. Khamis akasimama. Watu wote walikuwa gatini, wanatazama.

"Salha. Njoo hapa."

Akaja, mikono nyuma.

"Upande huu umeumwagia maji lini?"

Alitazama vidole vya miguu yake. Sikuona jicho lake likinitafuta, hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma. Angenitazama tu ningeona ananishitaki, ningepata hasira ya kujikinga nayo.

"Nilikuapia, sikukuapia? Khalas. Kesho nakukatia tiketi."

Wanangu walinijua sina neno la samahani. Baba yao alikufa akilingoja. Nilikotoka mtoto ndiye mwenye makosa, mkubwa ana sababu. Na pale gatini nilikuwa bibi wa shughuli, nimevaa kanga mpya, mbele ya watu arubaini ambao jioni wangeisambaza habari Naif nzima. Ningeweza kunyamaza. Salha asingesema hadi anazikwa.

"Mwache," nikasema. "Nimemkataza mimi. Alinambia, nikamziba mdomo."

Khamis akainama. "Haya mama. Sawa."

"Si sawa," nikamwambia. "Usiniambie sawa kwa kuwa mimi ni mama yako. Ningeizamisha nyumba yako na kumfukuza mwanao, kwa sababu ya mkeka." Nikamgeukia mtoto. "Salha, nisamehe." Ndipo akalia, na alipolia alishika kanga yangu mimi, si ya mama yake.

Miaka sita sasa. Boti imepandishwa nchi kavu, nasikia, na sisi tuko ghorofani Rashidiya, karibu na kituo cha treni. Nyumba ni nzuri. Kuta zimekaa, hazikuombi kitu. Mwezi mzima hutazamani nazo. Watoto wamo kila mmoja na simu yake, na nikisema neno hakuna anayelipinga, wala anayelisikia. Katika utoto wangu wa kwanza hatukuthubutu kumsahihisha mkubwa, na siku hizi hakuna anayejishughulisha kutusahihisha. Mahali pekee nilipoona mtoto na mzee wakihitajiana kila asubuhi ni mle ndani ya mbao zinazovuja. Usingizi kama ule sijaupata tena.

Jioni ya siku ile, wageni walipokwisha kuondoka na pamba mpya imeshindiliwa, niliwaita wote sitahani, hata kichanga. Nikawaambia: "Kuanzia alfajiri ya kesho zamu ya maji ni yangu, pande zote mbili, na Salha ndiye mkaguzi. Atapita na kiganja chake nyuma yangu. Akikuta ubao mmoja mkavu, siku hiyo nisipewe chakula, na asinionee huruma mtu."