Betri Iliyojaa Juu ya Kilima

Mume wangu aliishi na ngiri kwa miaka mingi. Aliipata alipokuwa akibeba mifuko ya mawe kwenye machimbo ya Omate, upande wa Walikale, na sote tuliizoea. Ikitoka, analala chali, anairudisha kwa kiganja, kisha anaamka kwenda shambani. Mara ile ilitoka ikakataa kurudi. Tumbo likawa gumu, akaanza kutapika. Muuguzi wa kituo chetu cha afya akasema hakuna dawa ila kupasuliwa, tena haraka, na wa kupasua yuko hospitali ya bondeni.

Zamani wanaume wa kilima wangembeba kwa kipoyi, machela ya miti, wakipokezana mabega mpaka chini. Lakini vita vilikuwa vimewatawanya. Waliobaki hapa Masisi walijificha mchana, maana mwanamume mwenye nguvu akionekana njiani alibebeshwa masanduku ya risasi na wapiganaji, na wengine hawakurudi. Pikipiki zilisimama kwa kukosa petroli. Lililobaki ni gari la umeme la mfanyabiashara mmoja aliyetoka upande wa Butembo, ambaye alilichaji kwa paneli za jua zilizo juu ya duka lake. Alitupa gari pamoja na dereva. Dereva, kwa wema wake, alikuwa amelijaza umeme mpaka mwisho ili tusije tukakwama na mgonjwa.

Tulimlaza mume wangu kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Kwenye kona ya kwanza ya mteremko dereva akasema, kama anayejisemea, "Juu ya nini moteri haishike?" Akakanyaga breki. Nikaona goti lake likishuka mpaka chini. Akakanyaga tena na tena, kisha akaligeuza gari kwenye ukingo wa udongo, likajisugua na kusimama. Mume wangu aliuma mkono wa koti lake.

Dereva alipanda mbio kijijini akarudi na fundi wa pikipiki. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Alifungua boneti, akatazama, akafunga.

"Moteri iko wapi?"

"Njo hiyo."

"Hii? Iko kama sanduku ya sadaka ya kanisa." Kisha akamwona mume wangu kupitia kioo, akaacha mzaha. "Pole, Papa. Tutaangalia."

Kitangi cha mafuta ya breki kilikuwa karibu kikavu. Akalala chini, akapapasa gurudumu moja baada ya jingine, na kwenye la nyuma upande wa kulia vidole vyake vikatoka vimelowa. Jiwe lilikuwa limeutafuna mpira unaopitisha mafuta. Dereva alishika kichwa. Akatueleza kwamba gari lile, ukiachia mguu tu, injini yake inalishika na kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo breki zenyewe alizigusa mara chache. Hakujua zimeanza kulainika lini.

"Na leo juu ya nini moteri haikushika?" fundi akauliza.

"Batri imejaa. Haina tena fasi ya kupokea."

Mpira mwingine haukuwepo kilima kizima. Fundi aliukunja ule uliotoboka, akaufunga kwa waya na kuukaza kwa koleo, ili gurudumu lile libaki bila breki na mengine matatu yafanye kazi. Akamimina chupa yake ya mafuta ya breki za pikipiki. Sasa ilibidi kutoa hewa iliyoingia. Mmoja anakanyaga, mwingine analegeza skrubu gurudumuni, na dereva alitakiwa kumulika na kuongeza mafuta. Nilikuwa nimebaki mimi. Nilikiweka kichwa cha mume wangu juu ya kitenge nilichokikunja, nikaketi kiti cha mbele. Sijawahi kuendesha kitu chochote.

"Mama, pompa! Pompa! Shikilia! Usiachie!"

"Nashikilia."

"Iko namna gani?"

"Iko inazama."

"Achia. Pompa tena!"

Mzee mmoja akapita na chukudu yake, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyojaa viazi, akipunguza mwendo kwa kukandamiza kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma kwa kisigino. "Ba kaka, mutupe hiyo gari! Freni yangu ni kipande ya pneu, na haijanikataa ata siku moja!" Fundi akamjibu toka chini ya gari, "Pita, muzee, viazi byako bitaoza!" Nilicheka. Nyuma yangu mume wangu alikuwa anatapika, nami sikuweza kugeuka kwa kuwa mguu wangu ulikuwa umeshikilia.

Mwisho pedali ilisimama katikati, lakini nikiikandamiza iliendelea kuzama polepole. Fundi akajipangusa. "Kwa pikipiki ningejua ya kufanya. Huku freni iko na pompe ya umeme, ndani yake kumebaki hewa. Kuitosha inataka ordinatere, kompyuta. Miye sina."

Dereva alifikiri, akasema njia ni moja tu: tuupunguze umeme, ili injini ipate nafasi ya kushika. Akawasha taa zote mchana ule, akafungua hewa ya moto hadi mwisho. Tukaketi kungoja, tukiumwaga umeme huku mgonjwa akihitaji daktari. Sijawahi kuona kungoja kama kule. Nilimtazama dereva, naye alitazama namba mbele yake zikishuka kwa uvivu.

"Joto ni nzuri," mume wangu alisema. Miguu yake ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Nikaivua viatu, nikaielekeza hewa inakotoka.

Tulishuka taratibu sana. Injini ilishika, na pale iliposhindwa pedali ilisaidia kidogo. Tulifika jua likiwa limeinama.

Daktari alimpasua jioni ileile, akatoka kuniambia sehemu ya utumbo ilikuwa imeshakufa, ameikata, na sasa ni kuomba. Nikamuuliza kama tungefika mchana ingekuwaje. Akasema, "Mama, sijui." Wengine wamenipa majibu mengi tangu siku ile, ya Mungu na ya vita. Mimi nimebaki na lile la daktari.

Aliishi siku iliyofuata yote. Aliniuliza kama maharagwe ya juu yamevunwa. Nikamwambia bado. Akasema, "Uvune mbele ya mvua." Alipofariki, mapigano yalikuwa yamefika kilimani kwetu na njia imefungwa, tukamzika bondeni, kati ya watu tusiowajua. Maharagwe sikuyavuna.