Patasi Zilizonolewa Upande Mmoja

Mjomba wangu alikuwa seremala kule Handeni, na alipofariki sanduku lake la vifaa likaja kwangu. Kwetu Wazigua wa zamani ndivyo ilivyokuwa: urithi wa mtu ulimwendea mtoto wa dada yake, si mtoto wa kumzaa. Wakati huo, enzi za Mwingereza, mimi nilikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja nje ya Korogwe, na mikono yangu ilikuwa imechanwa na miiba hadi kushika chumvi ilikuwa adhabu. Sitadanganya, sanduku lile sikulipokea kama ukumbusho. Niliona nimepata pa kutokea.

Nilikwenda kwa fundi mkuu wa karakana ya shamba. Akanitazama juu hadi chini, akasema nafasi ya seremala ipo, nije Jumatatu ya mwisho wa mwezi na vifaa vyangu mwenyewe, niunge mguu wa meza mbele yake. Kiungo kikikaa, naacha mkonge. Kikilegea, narudi kwenye mstari wangu. Useremala niliujua kidogo tu, ule niliouona kwa mjomba nilipokaa kwake zamani, lakini kujiamini sijawahi kupungukiwa.

Sanduku lilikuja na lori, limefungwa kamba za katani. Lilikuwa la mvule, zito, na pembeni mchwa walikuwa wameshaanza kujenga. Nikakwangua udongo wao, nikalisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaliacha kivulini. Kisha nikafungua, na hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Randa zilikuwa na utando wa buibui. Msumeno ulikuwa umeota kutu, na keekee ya kutobolea haizunguki. Lakini patasi zote kumi na moja, kila moja ilikuwa imeviringishwa kwenye kipande cha kanga ya maua mekundu, na makali yake yanang'aa. Niliweka unywele juu ya moja, ukakatika wenyewe.

Sasa, mjomba alikuwa kipofu kwa miaka sita kabla ya kufa. Nani alizinoa?

Swali hilo lilinikaa kichwani siku nzima. Jioni nikazipanga patasi juu ya jamvi, nikazichungulia moja moja, nikagundua kitu: zote zilikuwa zimenolewa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa bapa kabisa. Basi nikapata jibu, tena nikajipongeza kwa akili. Mjomba alizinoa mwenyewe kwa kupapasa, maskini, na kwa kuwa haoni alisahau kugeuza. Nilimwonea huruma hadi machozi yakanilenga. Sisi wakata mkonge kisu tunakinoa pande zote mbili, huku mara tatu na huku mara tatu, kila asubuhi. Nikachukua kinoo changu cha shambani nikaanza kummalizia marehemu kazi yake. Nikageuza tatu, nikachoka, nikalala na roho nyeupe.

Jumamosi kabla ya ile Jumatatu, binamu yangu, binti wa mjomba, akashuka kwenye lori na chupa ya mafuta ya nyonyo. Wazee walikuwa wameagiza vifaa vipakwe mafuta ya nyumbani kwa marehemu kabla ya kutumika. Yeye na mimi ni watani, kwa hiyo kabla hata ya kukaa alishaniuliza kama nimeanza kulala ndani ya sanduku. Halafu akaokota patasi moja kati ya zile tatu, akapitisha kidole mgongoni mwake, ule upande uliokuwa bapa. Utani ukaisha.

"Nani kakuambia ugeuze?" akauliza.

Nikamweleza habari za upofu. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo lilikuwa baya kuliko kutukanwa. Akasema patasi hukata kwa uso na kuongozwa na mgongo, na mgongo ukiharibiwa inateleza, haiendi unakotaka. Alipoinama nikaona kanga yake: maua mekundu, pindo limechanwa vipande vipande.

"Baba alikuwa ananiuliza naona nini," alisema. "Namwambia. Kisha nafanya. Mbao zililetwa zimeshakatwa na kurandwa; viungo vya milango yote ya miaka ile sita ni mikono hii."

Nikamuuliza wazee walimpa nini. Akacheka, akatoa jiwe kwenye kikapu. Walimpa sufuria mbili, na kinoo cha baba yake alikichukua mwenyewe, kwa kuwa wazee walidhani ni jiwe tu. Alikaa barazani kutwa akilaza migongo ya patasi juu ya jiwe lile, maji, sugua, maji, sugua. Mbili zikarudi. Ya tatu, ile nyembamba, ilikataa. Alipomaliza alinipa kipande cha mninga nijaribu. Kiungo changu kilikaa, baada ya kukigonga kidogo. Akasema Jumatatu nitapita. Kisha na yeye akaunga cha kwake, na nilipokichukua sikuweza kuona kilipoungana.

Nilikigeuzageuza kiungo kile hadi giza likaingia. Wivu ulinishika, na aibu, na zaidi ya yote hofu ya kurudi kwenye miiba.

Jumapili nikalipakia sanduku kwenye lori la Handeni, liende naye liwe lake. Lilikuwa langu kwa mila, kwa hiyo hakuna mzee wa kunizuia kulitoa. Binamu akaniambia nisije kumlaumu baadaye. Nikamjibu nitamlaumu kila asubuhi, na kweli nilimlaumu, miaka tisa mingine ya mkonge.

Lori lilipoondoka nilikuta kitu kizingitini, kimeviringishwa kwenye kanga. Ilikuwa ile patasi nyembamba. Alikuwa amemwachia jirani maneno aniambie: "Hiyo uliinoa mwenyewe, kwa hiyo ni yako." Ninayo hadi leo. Kila mwaka naipaka mafuta ya nyonyo, na haijawahi kukata kitu.