Tulivyotembea hadi Bagamoyo ndani ya beseni la Bwana Nyuki

Wakuu, habari za humu. Wadogo, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba. Mimi ni bibi, simu ni ya mjukuu, ila kisa ni changu na sitatia chumvi.

Juzi mjukuu alikuwa anakariri Kiingereza: "walk", kutembea. Nikacheka hadi chai ikanipalia. Shule niliiacha mapema, lakini neno hilo nalijua mpaka lilikozaliwa.

Turudi Ng'ambo, Tabora, enzi za Mwingereza.

Wazazi walifariki, nikabaki na wadogo zangu watatu: Mihayo, Kalunde na kitindamimba Maganga. Baba mdogo akaja kutoka Nzega na mipango yake. Mihayo akamchungie ng'ombe, Kalunde aende kwa shangazi, Maganga "tutaona". Utadhani anagawa kuku.

Nikamwomba anipe muda nitafute kazi.

"Mpaka Ijumaa," akasema. "Ukikosa, naondoka nao."

Kulikuwa na Mzungu mkaguzi wa asali na nta, watu wakimwita Bwana Nyuki. Dobi wake alikuwa ameacha kazi. Mpishi wake, Mzee Rajabu, mtu wa mjini mwenye kanzu safi na ulimi mkali, akanipa mtihani: blanketi la sufu, zawadi ya mama yake Bwana kutoka Ulaya.

"Likitakata, kazi yako. Likiharibika, hunijui, sikujui."

Siku yenyewe ndiyo hiyo Ijumaa.

Blanketi lilipolowa likawa zito kama ndama. Mikono ikashindwa. Nikawaita wadogo zangu, tukanawa miguu, tukaingia wote kwenye beseni kubwa la bati, maji ya moto na sabuni, tukaanza kukanyaga.

Sasa kosa letu ni hili.

Babu yetu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na vituo vya njiani alitufundisha kwa wimbo. Kwetu Unyamwezini mtu hakatizi safari. Ukirudia njiani utachekwa mpaka kaburini. Basi mimi nikaimba mbele kama kiongozi wa msafara, wao wakaitikia.

Wimbo ulipofika Tura, kituo cha karibu tu na kwetu, blanketi lilikuwa limetakata. Nikasema tushuke.

Mihayo akagoma. "Dada, unatutupa Tura? Babu angekuona!"

Nikaona aibu. Tukaingia pori la Mgunda Mkali. Ugogo, Maganga akalia kiu. Kalunde akamfokea, "Vumilia, Ugogo hakuna maji!" Na maji yako magotini. Mpwapwa, Mzee Rajabu akatuongezea maji ya moto, akaondoka akitikisa kichwa. Bagamoyo tukapiga vigelegele, tukatua mizigo.

Ndipo tukalitoa blanketi.

Wakuu, kitu cha kufunika watu wawili kilibaki kama taulo. Nene kama godoro. Mihayo akavuta huku, Kalunde kule, halikusogea hata inchi.

Mzee Rajabu akaja, akalizunguka. "Nusu nyingine mmeiuza Bagamoyo?"

Na baba mdogo huyo getini, amekuja kuangalia. Akatazama mara moja tu. "Mihayo, kafunge nguo zako."

Maganga akanishika gauni.

Bwana Nyuki akatoka. Akalitazama blanketi, akaitazama miguu yetu iliyolowa. "Nani nafanya hii?"

"Mimi, Bwana. Hawa niliwaita mimi."

Akataka tumwonyeshe. Tukarudi kwenye beseni, tukaimba kwa sauti za msibani. Mzungu akaketi kwenye ngazi, akacheka hadi akavua miwani.

Kisha akaeleza, Mzee Rajabu akitafsiri. Zamani kwao, sufu ikishafumwa, watu waliikanyaga majini makusudi, ijikaze, iwe nene, izuie baridi. Kazi hiyo waliiita kwa neno hilohilo, "walk". Na mwanzo kabisa neno lilikuwa la kubingirika na kurushwarushwa. Kutembea kukaja baadaye. Wakanyagaji wakaitwa Walker, na koo nyingi zinalibeba jina hilo mpaka leo.

"Mama yake Bwana ni wa ukoo huo," Mzee Rajabu akamalizia, kama mtu aliyetafuna ndimu. "Anasema ninyi ni ndugu zake."

Baba mdogo akanong'ona, "Ndugu gani hajaleta hata mbuzi msibani?"

Bwana Nyuki akamwinamia Maganga. "Nguo nakuwa safi kituo gani?"

"Tura!" Maganga akajibu.

Nikapata kazi, kwa sharti moja: sufu yoyote ya Bwana, mwisho wa safari ni Tura.

Baba mdogo akarudi Nzega peke yake. Lile blanketi tukapewa. Lilimtosha Maganga kuanzia kidevu hadi unyayo, akajifunika nalo mpaka akakua, miguu ikatokeza.

Nilichojifunza: si kila safari ni ya kufika mwisho. Ujue ipi unaishia Tura.

Wale watatu niliwalea mpaka kila mmoja akawa na mji wake. Hiyo sikuishia Tura.

Haya, waliowahi kukanyaga blanketi kwa miguu wajitokeze. Lenu lilibaki saizi gani?