Paka wa Ua Mzima

Paka alikuwa wangu, lakini tumbo lake lilikuwa la nyumba nzima. Nyumba yetu ya Msimbazi ni ya kupanga, vyumba vimezunguka ua mmoja, na katika ua ule hakuna anayepika akamaliza bila kumrushia kitu.

Kwa hiyo daktari wa mifugo kule Buguruni aliponiambia kwamba figo zake zimechoka, kwamba sasa ale samaki wa kuchemsha tu, asiye na chumvi wala mwiba, asionje kitunguu kabisa, na maji yawepo muda wote, niliitikia "sawa" tu. Mwiba naweza kuutoa. Watu je?

Nilianza na jirani yangu, mama wa Kichaga anayeuza vitenge kwa jumla Kariakoo. Supu yake haikosi vitunguu, na paka hakosi supu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Dada, siku hizi hata paka ana masharti ya chakula? Kwetu anakula kinachobaki, na hafi."

Nikamwambia huyu anakufa. Akaahidi kuacha. Kesho yake nikakuta mfupa mlangoni kwangu. "Ni mfupa tu, supu sijampa," akasema. Nilitaka kumtolea uvivu, nikashindwa. Alikuwa ameuosha kwanza.

Kazi ilikuwa kwa Bibi, mwenye nyumba. Wazee wake walitoka Uarabuni, na tangu nihamie pale sijawahi kumwona akitia tonge kinywani kabla hajamtengea paka lake. Kwake hiyo ni ibada. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya figo, nikamweleza habari ya chumvi. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mwanangu, nile huku kiumbe cha Mungu kinanitazama? Paka hanyimwi. Nitakuja kuulizwa mimi."

Nilisema "ndiyo, Bibi", nikarudi chumbani nimefura kwa hasira.

Nikamfungia ndani. Akalia mchana kutwa, nikapigiwa simu kazini kwamba natesa mnyama. Nikamfungulia. Haikupita wiki akaacha kula. Samaki niliyemchambua mwiba mmoja mmoja alimnusa tu, akageuza uso. Alikonda mpaka nikimpapasa mgongo naogopa. Nikarudi kwa daktari. Akasema la kwanza ni ale, maana asipokula hatafika mbali. Nikamuuliza, "Ale nini?" "Kile kile nilichokwambia," akajibu. Nilitoka pale nimemchukia bure, mtu wa watu.

Ijumaa mchana nilikuwa nimechutama uani na kisahani mkononi, nambembeleza. Bibi akatoka jikoni na kipande cha papa mkavu, yule wa chumvi hasa, ambaye hata binadamu akimla hakosi kuomba maji. Akainama kwa tabu, magoti yake si mazima, akamwekea.

Paka akainua kichwa. Akanusa. Akala.

"Alhamdulillahi, anakula," Bibi akasema, na machozi yakamtoka kweli. Yule mama wa vitenge akatoka chumbani kwake akipiga makofi. Mkono wangu ulikuwa umeshakishika kile kipande. Paka akaking'ang'ania kwa meno, dhaifu vile vile, macho kanikazia. Nikaachia.

Bibi akanipapasa bega. "Unaona? Alikuwa na njaa tu, mwanangu."