Mama Alipodaka

Siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa ughaibuni, jikoni kwa mwajiri wangu mtaa wa Malaz, nikiipaka mafuta glavu ya besiboli ya mtoto wa madam. Mkataba wangu ulikuwa umeisha tangu miezi minne nyuma, na mwanangu kule nyumbani alishaanza kumwita shangazi yake mama. Nikauliza tena naondoka lini.

"Mafi safari," madam akajibu, hakuna safari. "Bukra, bukra." Kesho, kesho, kama kila siku.

Harufu ya ile ngozi ikanirudisha kwenye uwanja wa shule, mama yangu amechuchumaa nyuma ya mpigaji. Ndiye mwanamke wa kwanza kudaka katika timu ya wanaume pale kwetu. Glavu yake tuliilainisha kwa mafuta ya chapati.

"Mama, toka hapo!" kocha wa timu ya wageni alimpigia kelele. "Mwanamke kuchuchumaa mbele za watu ni aibu!"

"Nguo zenu nazifua nimechuchumaa. Hiyo mbona si aibu?" mama akamjibu.

Watu wakacheka. Kocha hakucheka. Mkimbiaji wake akaja mbio, kifua mbele, akamgonga mama makusudi. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mama alikuwa chini, mdomo una damu, na mpira bado umo ndani ya glavu. Aliendelea kudaka miaka tisa baada ya hapo.

Nikaiweka mezani glavu ya mtoto wa madam, nikatoka na nguo za kazi mwilini hadi ofisi ya serikali ya kazi. Karani akaniambia nirudi na kafili, mwajiri anayenidhamini. Nikavuta karatasi yake, nikaandika mwenyewe:

"Mkataba wangu umeisha. Kafili ameshika pasipoti yangu na amekataa kunipa viza ya kutoka. Namshtaki. Nina mtoto wa kulea."