Mama Mkwe Ananiita Nikamnyooshe Vidole, Shemeji Kaapa Atamchukua Mke Wangu

Admin, jina langu lifiche, sifa zangu ziache kama zilivyo. Mie ni kijana wa miaka ishirini na sita, nipo Temeke, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, tusibishane. Kazi yangu ni mchua misuli wa timu ya mtaani. Ulizeni huku kwetu, mtu akikazwa na misuli ya paja uwanjani anaitwa nani? Naitwa mie. Mikono hii imeshawanyanyua mabeki waliokuwa wanalia kama watoto, halafu wakishinda wanajifanya hawanijui.

Sasa acheni kucheka, ishu yangu nzito.

Mapema mwaka huu mama mkwe alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto wote ukalala. Mke wangu akamleta kwetu. Hospitali mtaalamu wa viungo akatuonyesha mazoezi: bega unaliegemeza kwanza, ndipo unanyanyua mkono taratibu, vidole unafungua kimoja kimoja, na mkono wenyewe usiuvute hata siku moja. Mwanzoni mke wangu alifanya mwenyewe, lakini mimba ikaanza kumsumbua, akiinama tu anapata kizunguzungu. Akaniangalia mie. Nikaangalia ukuta.

Watu wa pwani mtaniuliza kuna nini hapo. Kwao mke wangu ni bara, na huko mkwe humpi hata mkono wa salamu. Tangu nioe nilikuwaga namwamkia shikamoo kwa mbali, ananijibu ameangalia pembeni, tumeishia hapo. Siku ya kwanza namshika alijifunika khanga uso mzima. Akiumia hasemi na mie, anamwambia binti yake: "Mwambie mumeo apunguze nguvu, hapa sio uwanjani." Na mie najibu kwa njia hiyohiyo: "Mwambie mama, mabeki wangu wanaliaga kuliko yeye." Khanga ikawa inatikisika, anacheka humo ndani.

Tukaenda hivyo mpaka asubuhi moja akashika kikombe cha uji kwa mkono ule. Nusu kilimwagika, lakini alikishika. Mke wangu akalia. Mie nikatoka nje kujifanya naangalia tenki la maji.

Ndipo akaja shemeji, kaka wa mke wangu, anauza mbao, anakaa Mbweni. Hakupiga simu. Alinikuta nimeukunja mguu wa mama yake, nimeshika goti.

"We mbwa, unamshika mama yangu mguu?"

"Braza, haya mazoezi ya hospitali."

Akanijibu machozi yanamtoka kweli: "Mama yangu hajawahi hata kula mbele ya mkwe. Baba angefufuka leo ningemwambia nini?" Nikaushusha mguu taratibu, nikasogea pembeni. Jioni ileile mama akapakiwa kwenye gari, akapelekwa Mbweni.

Huko shemeji akamtafutia mama mmoja wa mtaani anayechua kwa maji ya moto. Ni mwanamke, kwa hiyo mila imetulia. Ila anauvuta mkono, anauvuta kama anapandisha ndoo kisimani, eti anatoa ganzi. Wiki kadhaa zikapita; tulipoenda kumjulia hali Jumapili iliyopita, bega la mama limeshuka, pengo kati ya bega na mkono unaliona kwa macho. Ngumi imejifunga. Kucha zimemwingia kiganjani mpaka kuna kidonda, na kinanuka. Nikamwambia shemeji, "Basi mie niache, mrudishe hospitali." Akasema hospitali walishamaliza yao, kilichobaki ni Mungu na subira.

Mama akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nioe. Hakupitishia kwa binti yake.

"Baba, nifungue hivi vidole. Vinaniua."

Nikapiga hatua moja. Shemeji akasimama katikati. "Ukimgusa, dada yangu anabaki hapahapa, na mtoto atazaliwa huku kwetu. Naapa." Mke wangu akanivuta shati tukaondoka. Nyumbani ndipo akafungua mdomo: "Mama namuonea huruma. Ila nikikosana na kaka sina ukoo tena. Usiniulize mie."

Jana mama kanipigia kwa simu ya dada wa kazi. Shemeji anasafiri Ijumaa kufuata mbao, geti litafunguliwa. Maneno yake yanatoka kwa shida, mdomo bado mzito: "Njoo, baba. Kabla hajarudi."

Msidhani namuogopa shemeji peke yake. Bega lile limeshaachia, na mie si daktari. Naweza nikaenda, nikapoteza mke na mtoto, na vidole visifunguke. Nisipoenda, nalala vipi nikijua ile ngumi inaoza?

Leo asubuhi kapiga tena. Sijapokea. Nyie wenye wakwe, wenye mila, hata nyie mnaonichambaga kwenye komenti, leo matusi wekeni pembeni mnipe akili. Niende Mbweni, au nizime simu?